Bu ya Buha na U ya Uha

Mwishoni mwa mwaka 1871 msafara wa Henry Morton Stanley ulivuka mto Malagarasi na kuingia nchi ambayo yeye aliiandika "Uhha". Alikuwa anakwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone, na njia yake ilipita kwa Waha, wenyeji wa nyanda za juu ambazo leo zimegawanywa kati ya Kasulu, Kibondo na wilaya jirani. Alilipa hongo kwa mtwale, yaani chifu, wa kwanza akidhani amemalizana na mfalme wa nchi nzima. Hatua chache mbele akadaiwa tena. Alipoambiwa kwamba watwale wengine bado wako njiani na kila mmoja anangoja chake, aliamua kutoroka usiku, akawapitisha watu wake porini kimyakimya hadi wakatoka nje ya nchi ile. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, jambo hilo linasimuliwa kama kisa cha ulafi wa watawala. Kwa maoni yangu ndani yake mna kisa cha sarufi pia. Wasafiri wa Kizungu wa wakati ule walikuwa na kanuni moja waliyoishika kwa moyo: U ni nchi, M ni mtu mmoja, Wa ni watu wengi, Ki ni lugha. Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Speke Februari 1858, aliieleza wazi katika kitabu chake cha mwaka 1860, na waliomfuata wakaipokea bila swali. Kwa kanuni hiyo Uha ni nchi, na nchi katika kichwa cha Mzungu wa karne ya 19 ina mpaka mmoja na mfalme mmoja. Stanley aliisoma U ile kama ahadi, na U haikuwa imeahidi chochote cha namna hiyo.

Hali ya nyanda hizo ilikuwa nyingine kabisa. Palikuwa na falme kadhaa zilizojitegemea: Buyungu na Muhambwe upande wa kaskazini, ambako leo ni Kakonko na Kibondo, Heru, Luguru na Bushingo katikati, Nkalinzi na Bujiji kusini kuelekea ziwani. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake, yaani mfalme, na chini ya mwami walikuwapo batware, wale watwale wa Stanley, waliosimamia maeneo. Mtu wa Heru hakuwa na sababu ya kumpelekea mwami wa Muhambwe kitu chochote, lakini wote wawili walikuwa Baha, yaani Waha, walisema Kiha na waliishi Buha, ambayo kwa Kiswahili ni Uha. Maana yake Buha ilikuwapo kabla ya kuwapo serikali ya Buha, wala haikuhitaji serikali hiyo ili iwe Buha. Tena yatazame majina yenyewe. Buyungu, Bushingo na Bujiji yana Bu- mbele. Muhambwe, Heru na Nkalinzi hayana, ingawa zilikuwa nchi kamili zenye watawala, mipaka na sifa zao. Kama kazi ya Bu- ingekuwa kutangaza kwamba hapa pana nchi, basi Heru, kiti cha Mwami Theresa Ntare aliyeitawala Kasulu katika miaka ya mwisho ya ukoloni, ingestahili Bu- kuliko zote.

Basi Bu- inasema nini? Njia ya kujibu ni kuikusanya kutoka kila inakotumika, badala ya kuishika mahali pamoja na kudhani tumeielewa. Katika lugha za nyanda hizo na za jirani zao Warundi, ubwami ni ule uwezo na cheo cha mwami pamoja na kila kinachoambatana nacho. Ubuteko ni kazi ya mteko, yule mtunza ardhi na matambiko yake, ambaye mapokeo yanamweka katika nchi kabla ya nasaba za kifalme zenye ng'ombe. Ubugabire ni mapatano ya kupeana ng'ombe, ambayo kwayo mtu alijifunga kumtumikia aliyempa. Ubwoba ni hofu, ubwenge ni akili. Halafu kuna kundi ambalo lingemshangaza mwanafunzi wa Burton: ubuki, yaani asali, uburo, yaani ulezi, ubugali, ambao kila Mtanzania anaujua baada ya kupunguzwa silabi. Ufalme, hofu, asali na unga uliosongwa havikai katika kabati moja la vitu. Kinachoviunganisha ni namna ya kuvitazama: kila kimoja kinachukuliwa kuwa jumla isiyogawanyika katika vipande vya kuhesabiwa. Huwezi kuhesabu hofu moja, hofu mbili, kama usivyoweza kuhesabu asali moja, asali mbili, mpaka ulete chombo. Buha nayo ni hivyo hivyo. Ni kule kuwa Waha kunakotandaa mahali, pasipo kuuliza mipaka ya ndani wala idadi ya wafalme. Nchi ni mojawapo tu ya mambo yanayoweza kutazamwa kwa jicho hilo.

Tofauti hii kati ya kitu kinachohesabika na jumla isiyogawanyika haikuwa ya madaftari peke yake. Waingereza walipoingiza utawala wa kupitia wenyeji, kwa sheria ya mwaka 1926, walihitaji mtu wa kukusanya kodi na kusikiliza kesi. Ubwami uliwafaa, kwa sababu ungeweza kugeuzwa ofisi: kiti kimoja, mtu mmoja, mshahara mmoja. Ubuteko haukukubali kukatwa hivyo. Ulikuwa umetandaa juu ya vilima, vijito na koo, na mpango ule haukuwa na mahali pa kuuweka. Maneno mawili yenye kiambishi kimoja yakapata majaliwa mawili, moja likaandikwa katika vitabu vya hazina na jingine likabaki midomoni mwa watu. Machifu wenyewe waliondolewa kisheria mwaka 1963. Neno ubwami halikuondoka nao, kwa kuwa halikuwa limetaja ofisi tangu mwanzo.

Pingamizi la kwanza lenye uzito linatoka kwenye Kiswahili chenyewe, na msomaji makini ameshaliona. Kama U- ni jumla isiyohesabika, tufanye nini na ulimi, uzi, ukuta, ufunguo na wembe? Hivyo vinahesabika bila shida: ndimi, nyuzi, kuta, funguo, nyembe. Kuna mtu atakayesema kwamba hapa ndipo nadharia ya maana ya jumla inapovunjika, kwani U- moja inabeba mambo mawili yasiyohusiana. Jibu liko Kasulu. Katika Kiha, kama katika Kirundi, ulimi huitwa ururimi, na ua unaozunguka makazi, ambao wazee wa pwani waliuita ugo, huitwa urugo. Kiambishi hapa ni uru-, na hakuna Muha anayekichanganya na ubu-, wala upatanisho wake hauchanganyiki: kimoja kinafuatwa na ru-, kingine na bu-. Kiswahili, kwa safari yake ndefu ya sauti, kilidondosha konsonanti zote mbili, r au l ya kwanza na b ya pili, vikabaki viwili vinavyofanana kwa sura. Tunachokiita ngeli ya U ni pacha walioshonewa shati moja. Ukiwatenganisha, kila mmoja anarudi kwenye maana yake: uru- hupenda vitu virefu, vyembamba au vilivyonyooka, kama ulimi, uzi, ufito, upanga na ukucha, ubu- hupenda hali na tungamo. Kwa hiyo U- inayodaiwa kuvunja nadharia ndiyo inayoithibitisha, ila shahidi wake hakai pwani.

Ubingwa wa kutenganisha viambishi hivi una historia yake. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyeishi Cape Town, alichapisha kati ya 1862 na 1869 sarufi linganishi iliyoweka ngeli za lugha hizi kwa namba. Ndiye aliyelieneza pia jina la Bantu, ambalo lenyewe ni mzizi wa mtu na kiambishi cha wingi mbele yake. Carl Meinhof akaiendeleza kazi hiyo mwishoni mwa karne ile na mwanzoni mwa karne ya 20. Katika hesabu yao, iliyokubalika hadi leo, ulimi uko ngeli ya 11 na utoto uko ngeli ya 14. Bleek aliamini kwamba zamani sana kila kiambishi kilikuwa neno kamili lenye maana yake, kikachakaa kwa kutumika hadi kikabaki silabi moja. Hilo ni gumu kulithibitisha, nami sioni kuwa linahitajika. Yatosha kuonyesha kwamba silabi iliyopo leo bado inafanya kazi.

Meinhof ndiye pia aliyeipa jina kanuni ya sauti ambayo Waha wanaitumia kila wanapotaja lugha yao. Aliiita kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoravia aliyefanya kazi Unyamwezi, jirani ya Buha upande wa mashariki. Kanuni yenyewe ni rahisi: k ya kiambishi inageuka g pale silabi inayofuata inapoanza na konsonanti isiyo na mghuno. Ndiyo maana Mrundi na Muha husema Ikirundi lakini husema Igiswahili, na lugha ya Buha ni Igiha. Asiyejua atahesabu viambishi viwili, iki- na igi-, na kutafuta tofauti ya maana. Hakuna tofauti. Lugha ya Mrundi na lugha ya Muha zinatazamwa kwa jicho lile lile, na masikio ya wenyeji yanajua bila kufundishwa kwamba g hiyo ni k iliyolainishwa. Hapa tunapata onyo la pande mbili. Sauti mbili zinaweza kubeba maana moja, kama iki- na igi-. Sauti moja inaweza kubeba maana mbili, kama U- ya Kiswahili. Anayetaka kujua kama kiambishi kina maana ya jumla lazima kwanza ajue ni kiambishi gani anachokizungumzia.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nami silipuuzi. Mtumbwi kwa Kirundi huitwa ubwato, na wingi wake ni amato. Uta wa mishale katika Kiswahili cha zamani ulikuwa na wingi wa mata, dalili kwamba U- yake ni ile ya bu-. Mtumbwi si hali, na uta si tungamo. Vyote viwili ni vitu vigumu, vya kushikika, na vya zamani mno katika lugha zetu. Wapo waliojaribu kueleza, wakaja na hadithi ndefu za maumbo ya mviringo na uwazi wa ndani. Hadithi hizo hazinishawishi. Ni afadhali kukiri kwamba maneno mengine yamerithiwa yakiwa yameganda, na kwamba mtoto huyajifunza mazima mazima pamoja na kiambishi chake, asiulize kwa nini. Lakini kukiri hivyo hakuiangushi hoja. Maana ya kiambishi haipimwi kwa maneno ambayo hakuna aliye hai aliyeyaunda. Hupimwa kwa neno jipya, pale msemaji anapokuwa na mzizi mkononi na viambishi kumi mbele yake, akachagua kimoja bila kusita na wenzake wakamwelewa papo hapo.

Mtihani huo umefanyika mbele ya macho yetu mara nyingi. Bepari ni neno la wafanyabiashara wa Kihindi. Likapewa u- likawa ubepari. Jamaa ni la Kiarabu. Julius Nyerere akalitumia na u- katika andiko lake la mwaka 1962, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaufanya ujamaa sera ya taifa. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikaanza kuwahamisha watu wa mkoa huo, waliozoea kila mji kukaa peke yake juu ya kilima chake, kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa. Mengi yamesemwa juu ya operesheni ile, mema na machungu. Neno lenyewe halikuhitaji mkalimani. Aliyekuwa na ubwami na ubugabire katika lugha yake alijua mara moja kwamba ujamaa ni ile hali ya kuwa jamaa, ikichukuliwa kwa ujumla wake. Kama aliikubali au aliikataa ni suala jingine. Na katika miaka hii ya karibuni vijana wameunda uchawa, kutokana na chawa, yule mdudu anayeishi kwa damu ya mwenzake, wakikusudia tabia ya mtu anayejipendekeza kwa wakubwa ili apate riziki. Baraza la Kiswahili halikukaa kikao kulipitisha. Hakuna aliyesema kichawa au mchawa kwa maana hiyo ya hali, kwa sababu hakuna aliyehitaji kufikiri.

Ushahidi mkali kuliko yote, kwangu, ni neno ambalo Waha walilibeba mabegani. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo iliyofuata nyanda za Kasulu na Kibondo zikawa chimbuko kubwa la vibarua wa mashamba ya mkonge, hasa Tanga na Morogoro. Wenye mashamba walianzisha mwaka 1944 ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya wanaume kutoka mikoa ya mbali na kuwasafirisha kwa mkataba. Kila mmoja alipewa namba. Alipofika shambani alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyomaliza kazi yake iliwekwa alama, siku aliyougua au kukosa haikuhesabiwa, na mshahara ulikuja kadi ilipojaa, hata kama ilichukua siku 40. Watu hao waliitwa manamba. Tuliangalie neno hilo kwa karibu. Mtu hupewa m- na wa-: mkulima, wakulima; mfanyakazi, wafanyakazi. Hapa kiambishi cha watu hakikutumika. Kilichotumika ni ma-, kiambishi cha maji, maziwa, mafuta na majivu, vitu vinavyomiminwa na kujazana. Mpinzani atasema kwamba ma- ni wingi wa kawaida wa maneno ya kukopa, kama mabasi na madereva, na kwamba natafuta mifupa katika maini. Lakini dereva mmoja ni dereva, na basi moja ni basi. Kibarua mmoja wa mkonge hakuitwa namba. Naye aliitwa manamba. Watu walisema fulani amekwenda manamba, kama mtu anavyosema fulani amekwenda jeshini. Ma- hiyo haikuwa wingi wa kitu chochote. Ilikuwa tungamo, na kila mmoja alikuwa ndani yake. Kiswahili kilitazama treni iliyojaa wanaume wa Buha wenye namba, kikachagua kiambishi kinachowafaa kwa jinsi walivyotendewa.

Maana ya kiambishi inahisiwa na wasemaji hata leo, na wanapoiona haifai huibadilisha. Zamani mtu asiye na mguu aliitwa kilema, katika ngeli ya kiti na kisu. Upatanisho ulimheshimu, kwani tulisema kilema amefika wala hatukusema kimefika, lakini ki- ya mbele ilibaki ikimtazama mtu kupitia kasoro yake. Leo msemo rasmi nchini Tanzania ni mtu mwenye ulemavu, na sheria ya mwaka 2010 inasema watu wenye ulemavu: mtu amerudishiwa m- yake na kasoro imehamishiwa kwenye u-, ikawa hali aliyonayo badala ya kitu alicho. Rwanda nako, ambako neno la zamani lilikuwa ikimuga, sasa wanasema mtu mwenye ubumuga. Nchi mbili, lugha mbili, na zote mbili zimefanya hatua ile ile kwa viambishi vile vile. Viziwi wa Tanzania, ni lazima niongeze, wamelibakiza neno lao katika jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), na hakuna aliyewauliza kwa nini. Kiziwi kwao ni jina la kundi lenye lugha yake ya alama, na pengine ki- hiyo imekaribia ile ya Kiha na Kiswahili kuliko ile ya kisu.

Majina ya mahali ya wilaya za Buha yanaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Soma orodha ya kata za Kibondo na Kasulu: Kumsenga, Kumwambu, Kumnyika, Kurugongo, Murufiti, Murubona. Silabi za mwanzo ni ku- na mu-, viambishi vya mahali, vimekaa juu ya kiambishi kingine: ku- juu ya mu- katika Kumsenga, ku- juu ya ru- katika Kurugongo, mu- juu ya ru- katika Murufiti. Ni majibu kamili ya swali "wapi?", na kuna kila dalili kwamba ndivyo yalivyoingia katika ramani: karani aliuliza watu wanakaa wapi au njia inakwenda wapi, akajibiwa, akaandika jibu lote na kiambishi chake. Pwani hufanya hivyo hivyo kwa nyuma ya neno, ndiyo maana tuna Mbuyuni, Shimoni na Kilimani. Kiswahili sanifu hakitumii tena ku- na mu- mbele ya nomino, ila kimezihifadhi katika upatanisho, na hapo maana yake iko hai: nyumbani kwake kuna wageni, nyumbani mwake mna giza, nyumbani pake pana mwembe. Mahali ni pale pale, macho ndiyo yamehama, kutoka ujumla hadi ndani hadi kipande cha ardhi kinachoonyeshwa kwa kidole. Kumsenga na Murufiti yanatunza katika vibao vya barabarani tofauti ambayo kitabu cha darasani kinaifundisha kwa jedwali. Si kila jina linatii, bila shaka. Kasulu ina pia kata iitwayo Asante Nyerere, na hapo mtafiti wa viambishi hana la kufanya.

Vitabu vya darasani vinastahili haki yao. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, alijitahidi kueleza kila kiambishi kwa wazo linalokiongoza, na kazi yake bado inasomeka kwa faida. Baadaye wanasarufi wetu walichoshwa na orodha za "ngeli ya watu", "ngeli ya miti" na "ngeli ya vitu", ambazo kila moja ilikuwa na mkia mrefu wa visivyofuata, wakahamia kwenye upatanisho: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI na kadhalika. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kioo cha upatanisho kinaonyesha vizuri, na tena kimewatenganisha pacha wetu: ulimi umekwenda U-ZI na utoto umebaki peke yake katika U, kama Kiha kilivyowaweka. Hoja ya wafuasi wake ni kwamba maana haihitajiki, kwani sentensi itasimama sawasawa hata kama hujui kwa nini. Ni kweli, sentensi itasimama. Lakini upatanisho unaanza kazi neno likiwa limeshazaliwa. Hauwezi kueleza kwa nini uchawa ulipata u-, kwa nini manamba walinyimwa wa-, au kwa nini kilema alihama. Orodha za zamani zilikosea kwa kudhani kiambishi kinataja aina ya kitu. Kiambishi kinataja mtazamo, na kitu kimoja kinaweza kutazamwa kwa njia nyingi: mtoto, utoto, kitoto, jitoto, mzizi ule ule.

Limebaki pingamizi la wenye shaka, wanaosema kwamba maana pana kiasi hicho ni sawa na kutokuwa na maana. Ukisema bu- ni "jumla isiyogawanyika" umesema neno linaloweza kufunika chochote. Lingekuwa kweli kama maana hiyo isingekataza kitu. Lakini inakataza. Inakataza kuhesabu, na ndiyo maana ugonjwa ukitaka kuhesabiwa hulazimika kuvua u- na kuvaa ma-: ugonjwa ni hali, magonjwa ni visa. Uovu na maovu, ugomvi na magomvi, ni vivyo hivyo. Inakataza pia kusoma Uha kama dola, na aliyepuuza katazo hilo alilipa kwa vitambaa vyake kabla ya kukimbia usiku. Kanuni pana yenye makatazo ni bora kuliko orodha nyembamba yenye vighairi kila mstari.

Wanasiasa wamelijua hili kuliko wanasarufi. Wabelgiji waliitawala nchi jirani kwa jina la Urundi, wakiwa wameichukua U- ya Kiswahili kupitia kwa wasafiri. Julai 1962 ilipopata uhuru ikajiita Burundi, ikarudisha konsonanti iliyoachwa njiani. Uganda ilibakiza U-, kwa kuwa Buganda ilikuwa tayari jina la ufalme mmoja ndani yake, na hivyo kiambishi kimoja katika mavazi mawili kikagawiwa kazi mbili. Mkoani Kigoma, wilaya mpya zilipoanzishwa mwaka 2012, Kasulu ilizaa Buhigwe yenye Bu- na Kigoma Vijijini ikazaa Uvinza yenye U-, na Kibondo ikazaa Kakonko. Zote zimo katika mkoa mmoja, na hakuna aliyeona ajabu. Katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta ya Kibondo iliyopokea tena Warundi mwaka 2015, Kiha, Kirundi na Kiswahili vimekuwa vikikutana kwenye foleni ya maji, na viambishi ndivyo vilivyowafanya wasemaji wasikilizane haraka hata pale mizizi ilipotofautiana.

Wilaya ya Kasulu ina vyuo vya ualimu, kimoja Kasulu mjini na kingine Kabanga, na wengi wanaosoma humo wamezaliwa wakisikia ururimi na ubwoba nyumbani. Hao wana jibu la swali ambalo mwalimu wa Dar es Salaam anahangaika nalo ubaoni, kwa nini ulimi una wingi na uzee hauna. Wakufunzi wawaruhusu walilete jibu hilo darasani, waliandike kwa Kiha karibu na mfano wa Kiswahili, na watakaotunga kitabu kijacho cha ngeli waanzie hapo.